Rangi ya epoksi kwenye tangi la chuma: juu imebanduka, ubavuni imetoboka vitundu. Je, ni joto?

Msimamizi wa Yadi, Shimanzi, anauliza:

Assalam aleikum, na habari zenu nyote.

Ninasimamia yadi ya maghala huku Shimanzi, na miongoni mwa mali ninayoitunza ni tangi la chuma la maji ya kuzimia moto, ambalo limesimama peupe, likipigwa na jua kutwa na upepo wa bahari usiku kucha. Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, mkandarasi alipewa kazi ya kulipaka upya upande wa nje. Tangi lilitolewa maji yote, likapigwa mchanga mpaka kutu na rangi ya zamani vikaisha, kisha likapakwa praima ya epoksi, yaani mkono wa kwanza unaoshika kwenye chuma, mkono wa pili wa epoksi nzito, na mkono wa mwisho wa poliurethani nyeupe. Rangi zote zilitoka kwa mtengenezaji mmoja, makopo yalifunguliwa mbele yangu, na muda wake wa matumizi ulikuwa haujapita.

Kabla hata mvua za masika hazijakatika, kasoro mbili zilijitokeza, na kinachonitatiza ni kwamba hazifanani wala hazikutokea mahali pamoja. Juu ya paa, na kwenye ukanda wa ukuta unaopakana na paa, mkono wa pili unabanduka na kuiacha praima ikiwa imeshika vizuri kwenye chuma. Ukiingiza ncha ya kisu chini ya ukingo na kuinua taratibu, kinatoka kipande kipana kama kiganja, na praima iliyobaki chini inang'aa. Ukiilowesha kwa maji na kuisugua kwa kidole, unahisi utelezi kama wa sabuni. Kwenye ubavu wa magharibi hali ni nyingine kabisa: rangi haibanduki hata kidogo, lakini ukiipapasa inakwaruza, na ukiitazama kwa karibu jua likiwa ubavuni mwake unaona vitundu vidogo mno, baadhi yake vikiwa na doa la kutu katikati. Mbavu za mashariki na kaskazini hazina neno.

Mafundi walikuwa wakianza juu ya paa saa kumi na mbili asubuhi ili walikwepe jua. Paa likianza kuwaka walishuka, wakapumzika, kisha wakaendelea na ubavu wa magharibi kuanzia saa nane mchana kwa kuwa jukwaa la kupandia lilikuwa tayari limefungwa upande huo. Daftari la kazi lina kipimo kimoja tu kwa kila siku, nacho ni cha joto la hewa saa sita mchana, nyuzijoto 31 au 32. Mkandarasi anasema rangi ilikuwa bandia. Muuzaji wa rangi anasema mafundi walizidisha thina. Mimi ninashuku joto, ila sielewi vipi joto moja lilete kasoro mbili zinazopingana. Naomba pia kujua saa zipi zinafaa kwa kazi hii hapa Mombasa, na kama ni heri kungoja Julai au Agosti.

Mkaguzi wa Rangi za Kinga, Kilindini:

Waaleikum salaam, ndugu Msimamizi. Umeieleza hali kwa utaratibu mzuri, na zile saa za kazi ulizozitaja zinanitosha kusema kwamba hakuna haja ya kuanza kwa kutafuta rangi bandia. Joto linaweza kuleta kasoro zote mbili, kwa sababu joto linalohusika ni la chuma chenyewe, na chuma cha tangi lako hakikuwa na joto moja saa yoyote ya mchana wala ya usiku. Kipimo cha hewa cha saa sita hakisemi lolote juu ya paa la alfajiri, wala juu ya ubavu wa magharibi saa nane.

Nianze na paa. Bati la chuma lililolala kuielekea anga hupoteza joto usiku kucha, hasa usiku usio na mawingu, na kufikia alfajiri huwa limepoa kuliko hewa inayolizunguka, mara nyingi kwa nyuzi mbili au zaidi. Chukua alfajiri ambapo hewa ina nyuzijoto 24 na unyevu wa asilimia 90, hali ambayo si ngeni kwetu Pwani. Kiwango cha umande cha hewa hiyo, yaani lile joto ambalo hewa ikipoa kulifikia mvuke wake huanza kugeuka maji, ni nyuzijoto 22 na kitu. Paa lililopoa hadi nyuzijoto 22 tayari lina maji juu yake. Maji hayo hayalazimiki kuonekana kama matone. Huwa ni utando mwembamba ambao jicho haliuoni, na fundi akipitisha kiganja anahisi ubaridi tu, akaridhika kwamba pakavu. Rangi ikipulizwa juu ya utando huo haiishiki praima. Inalala juu ya maji, na maji hayo baadaye hutafuta njia ya kutoka.

Kanuni inayofuatwa katika kazi hii, na ambayo imo katika ISO 8502-4, mwongozo wa shirika la viwango la kimataifa, ni kwamba chuma kinatakiwa kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 au zaidi, kabla ya kupaka, wakati wa kupaka, na kwa muda wote rangi inapoanza kushika. Watengenezaji wengi huongeza sharti la pili, kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Masharti haya mawili yanakaribiana kuliko watu wanavyodhani: hewa ya nyuzijoto 26 yenye unyevu wa asilimia 85 ina kiwango cha umande cha nyuzijoto 23.3, kwa hiyo chuma chenye joto sawa na hewa hiyo kinakosa ile tofauti ya nyuzi 3 kwa kiasi kidogo tu. Lakini chuma kilichopoa kuliko hewa kinaweza kushindwa vibaya hata pale kipimo cha unyevu kinaposoma asilimia 80, na ndiyo maana kipimo cha unyevu peke yake hakitoshi.

Ule utelezi wa sabuni unaniambia kuna jambo la pili. Hadena za epoksi nyingi, yaani ile kemikali ya kopo la pili inayoiivisha rangi, ni za jamii ya kemikali ziitwazo amini, na amini ikikutana na unyevu pamoja na hewa ya kabonidioksidi kabla rangi haijaiva, hutoa juu ya rangi utando wenye mafuta-mafuta. Hali hiyo huzidi rangi inapopoa na kupata umande ikiwa bado mbichi. Ikiwa praima ya paa ilipulizwa jioni, au ilipata umande usiku wake wa kwanza, utando huo ungekuwepo asubuhi ya mkono wa pili, na kama haukuoshwa kwa maji matamu na sabuni kisha ukasuuzwa, mkono wa pili haukuwa na pa kushikia. Tafadhali tuambie praima ya paa ilipakwa saa ngapi.

Sasa ubavu wa magharibi. Ukuta wa chuma unaolitazama jua la alasiri unaweza kufika nyuzijoto 60 wakati hewa ikiwa 32 tu. Kwenye joto hilo kiyeyushi cha rangi, yaani kile kimiminika kinachoilegeza, huruka upesi kupita kiasi, na mambo mawili hutokea. La kwanza hutokea hewani: matone yanayotoka kwenye mashine hupoteza kiyeyushi njiani, na upepo wa kaskazi ukisaidia, hufika ukutani yakiwa nusu makavu, hayaungani, yanabaki chembechembe, huko ndiko kukwaruza unakokuhisi. La pili hutokea ukutani: uso wa rangi hufunga ngozi kabla kiyeyushi kilicho chini hakijatoka, nacho kikipata moto kutoka kwenye chuma huchemka na kuitoboa ngozi ile. Tundu haliwezi kujifunga tena kwa kuwa rangi imekwisha kuwa nzito. Kupitia tundu hilo chumvi na maji hufika kwenye chuma, na doa la kutu huonekana. Karatasi za maelezo za epoksi nyingi huweka ukomo wa joto la chuma karibu na nyuzijoto 40, nyingine zikaruhusu zaidi kidogo. Isome ya rangi yenu hasa.

Mkandarasi wako alistahili kuwa na kipimajoto cha sumaku cha kubandika kwenye chuma, na kipimo cha unyevu chenye vipimajoto viwili, kimoja kikiwa na utambi uliolowa. Kuna pia chombo kimoja cha umeme kinachosoma vyote na kukokotoa kiwango cha umande papo hapo. Vipimo huchukuliwa mahali pale pale panapopakwa, kabla ya kuanza na kila baada ya saa chache, na kila mara hali ya hewa inapogeuka.

Fundi Mkuu, Mtongwe:

Nimekaa na kazi ya rangi za vyombo vya bahari kwa muda mrefu, na ninayaunga mkono maneno ya Bwana Mkaguzi. Nitaongeza yale yanayotokea ndani ya ndoo, kwa sababu joto huanza kuiharibu rangi kabla haijafika ukutani.

Rangi ya epoksi inapochanganywa na hadena, saa imeanza kuhesabu. Ikiwa karatasi imeandika kwamba mchanganyiko hufaa kwa saa mbili kwenye nyuzijoto 25, basi kwenye nyuzijoto 35 tegemea saa moja hivi, kwa maana mwendo wa kuiva huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi kumi. Tena mchanganyiko wenyewe hutoa joto. Ndoo ya lita 20 iliyochanganywa yote kwa mpigo na kuachwa juani hujipasha yenyewe, na niliwahi kushika ndoo ambayo nje yake haishikiki kwa mkono huku ndani rangi imeanza kuganda kama uji uliopoa. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kiasi cha kumalizika kabla ya muda wake, na uweke ndoo kivulini juu ya mbao badala ya kwenye sakafu ya saruji yenye moto.

Hapa ndipo tuhuma ya thina inapoingia. Rangi ikianza kuwa nzito, kijana anayetaka kumaliza kipande chake huongeza thina ili ipite kwenye mashine. Rangi inalegea na inapita, lakini kuiva kumekwisha kuanza na hakurudi nyuma. Kinachofika ukutani ni rangi ambayo nguvu yake ya kushika imepungua, na ambayo ina kiyeyushi cha ziada kinachotafuta kutoka. Kwenye chuma cha moto hilo ni kuongeza vitundu juu ya vitundu. Kwa hivyo muuzaji anaweza kuwa amesema kweli, ila thina ni matokeo ya joto kama vile vitundu vilivyo. Kwa kazi ya jua kali watengenezaji wengi wana thina inayoruka polepole. Ulizia hiyo kwa jina la rangi yenu, na kiasi kisizidi kilichoandikwa.

Kuhusu makopo, kontena la chuma lililofungwa katikati ya yadi ni tanuri. Rangi iliyolala humo mchana kutwa hutoka ikiwa na joto kubwa kuliko hewa, na muda wake wa matumizi umekwisha kupunguzwa hata kabla hujaichanganya. Ihifadhi ghalani, penye hewa.

Saa za kazi kwangu mimi hufuata kivuli. Ubavu wa magharibi upakwe asubuhi, umande ukishakauka na chuma kikishapata joto kidogo, jua likiwa bado upande wa pili. Kwa kawaida ni kuanzia saa tatu hivi hadi kabla ya adhuhuri. Ubavu wa mashariki upakwe baada ya adhuhuri, ukishaingia kivulini na kupoa. Saa kumi alasiri mimi hufunga kazi ya nje, kwa sababu rangi inayopulizwa jioni haipati nafasi ya kukauka uso kabla ya umande wa usiku. Asiyekuwa na vyombo siku hiyo na afanye hivi: alowanishe sehemu ndogo ya chuma kwa kitambaa kibichi, aitazame, ikikauka yenyewe ndani ya robo saa, hewa inapokea unyevu na kazi inaweza kuanza. Ikibaki mbichi, aketi angoje. Jaribio hili halichukui nafasi ya vyombo, lakini limewazuia vijana wangu wengi kupaka juu ya umande.

Na mchanga ukishapigwa, chuma kioshwe chumvi kwa maji matamu kabla ya kupakwa, au kipimwe kama bado kina chumvi. Shimanzi iko puani pa bahari. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu hata kwenye joto ambalo vipimo vinasema ni salama.

Kijana wa Changamwe:

Shukran kwa maelezo, wazee wangu. Ninaomba kuuliza kwa heshima: sisi hupaka mageti na madirisha ya chuma kwa rangi ya mafuta alfajiri, mwaka hadi mwaka, na hatujaona kubanduka kwa namna hii. Pia nilifanya kazi kwenye mradi ambapo msimamizi alitulazimisha kunyunyiza maji hewani na hata juu ya praima ya zinki iliyokwisha pakwa. Ikiwa unyevu ni adui, mbona kule ulitakiwa?

Binti Tudor, mwanakemia:

Swali lako ni zuri sana, kaka, kwa sababu rangi hazikauki kwa njia moja, na kila njia ina uhusiano wake na joto.

Rangi ya mafuta hukauka kwa kuruka kiyeyushi, kisha huiva kwa kuvuta oksijeni ya hewani. Geti ni jembamba na limesimama wima, halipoi kama bati la paa lililolala, kwa hiyo umande wake huwa mdogo na huisha mapema. Na rangi ya mafuta ikiathirika, kwa kawaida hupoteza mng'aro au hukawia kukauka, jambo ambalo mtu halihesabu kuwa ni hasara. Zipo rangi nyingine, kama zile za mpira wa klorini, ambazo hukauka kwa kuruka kiyeyushi peke yake, na kwao joto ni suala la kasi tu. Epoksi na poliurethani za makopo mawili huiva kwa kemikali mbili kuungana, na muungano huo unategemea joto kuliko kitu kingine chochote: chini ya nyuzijoto 10 epoksi za kawaida karibu husimama kabisa, na ndiyo sababu wenye vyumba vya baridi vya samaki hapa Mombasa hulazimika kuvizima na kuvipasha, au kutumia hadena maalumu, hali ya kuwa nje watu wanatoka jasho.

Praima ya zinki uliyoifanyia kazi bila shaka ni silikati ya zinki, ambayo huiva kwa kunywa unyevu wa hewa. Ikipakwa kwenye joto kali na hewa kavu hukauka uso ikionekana tayari, kumbe haijaiva. Ukiisugua kwa kitambaa chenye kiyeyushi kikali inatoka. Hapo kunyunyiza maji baada ya rangi kushika ni sahihi. Hata hivyo, kabla ya kuipaka, chuma hutakiwa kuwa kikavu kama kwa rangi nyingine yoyote. Poliurethani ni kinyume chake: kemikali ya hadena yake ikikutana na maji hutoa gesi ya kabonidioksidi, uso ukapata mapovu na kupoteza mng'aro, basi mkono wa mwisho wa tangi hilo unahitaji uangalifu zaidi wa unyevu kuliko mikono ya chini yake.

Ndugu Msimamizi, kuna uwezekano wa tatu kuhusu paa ambao bado haujatajwa, nao ni muda kati ya mkono na mkono. Kila epoksi ina muda wa chini na wa juu wa kupakwa tena. Muda wa juu ukipita, uso huwa umeiva na kufunga, na mkono unaofuata hauwezi kuungana nao kikemikali. Hubaki kuegemea ukwaruzaji wa uso peke yake, na uso unaong'aa hauna ukwaruzaji. Jedwali la karatasi hutoa muda huo kwa nyuzijoto tofauti, na wengi husoma safu ya nyuzijoto 25 kwa kuwa ndiyo iliyo katikati. Paa linaloshinda kwenye nyuzijoto 55 au 60 linaimaliza nafasi hiyo mapema zaidi. Praima ya paa ilikaa kwa muda gani kabla ya mkono wa pili?

Msimamizi wa Yadi, Shimanzi:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemuuliza msimamizi wa mafundi na kulipitia daftari upya. Praima ya paa ilipulizwa jioni, baada ya saa kumi na moja, kisha mashine ikaharibika, na mkono wa pili haukupakwa mpaka zaidi ya wiki moja kupita. Hapakuoshwa wala hapakupigwa msasa katikati. Ubavu wa mashariki ulipakwa alasiri, jua likiwa limeuacha, na mkono wa pili ulifuata siku iliyofuata. Naomba mnielekeze namna ya kurekebisha, na kama rangi ya upande ulio mzima iachwe. Tangi lina pia kitako cha saruji ambacho tungependa kukipaka epoksi wakati huo huo.

Mkaguzi wa Rangi za Kinga, Kilindini:

Basi paa lako lilipata mambo matatu kwa pamoja: praima iliyolala na umande ikiwa mbichi, muda wa juu uliopita kwenye joto kali, na mkono wa pili juu ya umande wa alfajiri. Lolote kati ya hayo lingetosha.

Mbavu za mashariki na kaskazini ziachwe, lakini zithibitishwe kwanza. Kata alama ya X kwa kisu chenye makali hadi kwenye chuma, bandika tepu ya jaribio, ivute kwa haraka, na utazame kama kuna kilichotoka pembezoni mwa mkato. Rudia sehemu kadhaa, hasa karibu na ukanda wa juu, kwa sababu mpaka kati ya palipo salama na palipoharibika hautakuwa mstari ulionyooka. Sehemu ulizokata zizibwe siku hiyo hiyo.

Paani toa mkono wa pili na wa mwisho vyote, hata pale panapoonekana pameshika, kwa kuwa palipobaki patabanduka baadaye chini ya rangi mpya. Praima ikionyesha kushika baada ya jaribio la X, inaweza kubaki: ioshwe kwa maji matamu na sabuni, isuuzwe, kisha ipigwe mchanga mwepesi mpaka ule mng'aro uishe. Nikiwa mimi ningeipiga mchanga hadi kwenye chuma, kwa kuwa paa ni eneo dogo na gharama ya kurudia mara ya tatu ni kubwa kuliko mchanga. Ubavu wa magharibi ni mwepesi zaidi: sugua uso hadi uwe laini, penye doa la kutu fika kwenye chuma na upake praima, kisha pulizia mkono mwembamba uliolegezwa kidogo ili uingie vitunduni, na baada yake mkono kamili. Ukipuliza mkono mzito moja kwa moja juu ya vitundu, hewa iliyomo itatoka na kuvitoboa upya.

Kuhusu msimu, Januari na Februari zina mvua chache kuliko miezi mingine hapa kwetu lakini chuma huwaka. Julai na Agosti chuma hupoa, ila kusi huleta manyunyu ya ghafla na chumvi nyingi kutoka baharini. Ningechagua Agosti kwa sharti kwamba kila asubuhi na kabla ya kila mkono tangi linaoshwa kwa maji matamu na kuachwa likauke, na turubai liko tayari. Mei nisingeikaribia.

Kitako cha saruji kina kanuni ya kinyume kidogo. Saruji ina hewa ndani ya vijitundu vyake, na joto linapopanda asubuhi hewa hiyo hutanuka na kutoka kupitia rangi mbichi, ikiacha mapovu. Kwa hiyo paka saruji alasiri, joto lake likiwa limeanza kushuka, ili ivute rangi ndani badala ya kuisukuma nje, huku ukihakikisha ule muda wa kukauka kabla ya umande upo.

Fundi Mkuu, Mtongwe:

Nyongeza moja kuhusu paa, kwa sababu ndilo gumu na halina upande wa kivuli. Funga turubai juu yake kwa urefu wa mtu, pande zote zikiwa wazi, tangu usiku wa kuamkia kazi. Usiku turubai hulizuia paa lisilitoe joto lake angani, hivyo umande hupungua sana, na mchana huzuia jua, nanyi mnapata saa nyingi za kazi badala ya ile nafasi fupi ya asubuhi. Turubai lisishushwe hadi chini, kwa maana mvuke wa kiyeyushi ukikosa pa kutokea hurudi kuidhuru rangi, na ni hatari kwa mafundi kwa kuivuta na kwa kushika moto. Libaki palepale kwa usiku wa kwanza baada ya kila mkono. Kipimajoto cha sumaku kibandikwe katikati ya paa, mbali na kingo, nacho kisomwe na mtu wa upande wako, Bwana Msimamizi, aandike joto la chuma, la hewa, unyevu na kiwango cha umande katika daftari lile lile, kabla mashine haijawashwa.